Uji wa Daktari

Admin, nifiche vizuri, maana mji wetu ni mdogo na mume wangu naye anafuata ukurasa huu, hasa visa vya wake za watu. Nina miaka ishirini na saba, naishi Rugerero, nauza maparachichi karibu na Grande Barrière, mpakani pa kuingia Kongo. Wazazi wangu walirudi kutoka Tanzania, wa mume wangu wakatoka Kongo.

Mtoto wa kwanza nilizaa kwa kupasuliwa. Uchungu ulinishika tangu asubuhi. Daktari akapita, akatazama saa kabla ya kunitazama mimi, akasema, "Mtoto amechoka, tusingoje, mpelekeni ndani." Mpaka leo sijui aliyechoka ni mtoto au ni daktari. Wodini karibu wote tulikuwa na mishono. Mama mmoja aliyezaa kawaida tulimtazama kama mgeni aliyepotea njia.

Huku mzazi hupelekewa uji wa mtama. Mama mkwe alitoka nao kijijini kwake Cyanzarwe, akaushika vilevile mkononi, akauliza mbele ya wageni: "Dokta iko wapi? Uji iko ya mutu mwenye alizaa." Watu wakacheka. Nami nikacheka, mshono ukaninyamazisha.

Sasa nina mimba ya miezi minane. Hospitali wameniambia: "Mama, uchungu ukianza uwe karibu nasi. Kovu likiachia ukiwa mbali, tutawapoteza wote wawili." Lakini mama mkwe anataka nikazalie kwake, ana jirani mwenye dawa za mizizi za kuharakisha uchungu. Nilipomweleza mume wangu habari ya kovu, akasema, "Bon, we unapenda kisu. Ukienda pale watakukata tena, njo kazi yao. Mama alizaa saba, nani alimupasua?"

Kibaya ni kwamba nusu ya maneno yake siwezi kuyapinga. Labda watanikata tena. Labda hata ile mara ya kwanza haikuwa lazima. Ila kovu halijali lililetwa na nini, limekaa tu pale.

Jumamosi analeta pikipiki anipeleke Cyanzarwe. Nikikataa, anasema hatakuja kumpa mtoto jina, daktari atampa, na ndoa yetu itaishia hapo.

Mama mkwe ameshaanika mtama, na safari hii uji ni wangu. Naogopa watakaounywa ni waliokuja kunizika. Ndugu zangu mnaosoma, niambieni kabla ya Jumamosi: nipande hiyo pikipiki, au nibaki mjini bila ndoa?