Magauni ya Malkia Hayakai

Kifurushi kilinukia manukato kabla hakijafunguliwa. Fundi alikiweka kwenye meza ambayo zamani ilikuwa ya chakula cha familia na sasa imebeba cherehani mbili, pasi na bunda la satini. Ndani mlikuwa na gauni la kijani, limekunjwa vizuri. Akaligeuza. Shingoni palikuwa na poda, kwapani mstari mweupe wa chumvi ya jasho.

"'Nililijaribu tu, likanibana,'" wifi yake alisoma kwenye simu sababu aliyoandika mnunuzi.

"Kujaribu tu ndiko kulikomtoa jasho hivi?"

"Labda alilijaribu huku anapanda mlima."

Fundi hushona magauni ya sherehe na kuyauza kwenye soko la mtandaoni. Wifi, dada wa mumewe, hupiga picha, hufunga vifurushi na kujibu wateja. Mnunuzi huyu hujiita Malkia, na wote wawili hawajawahi kumwona. Kanuni ya soko inasema nguo ambayo haijavaliwa inaweza kurudishwa ndani ya wiki moja na mnunuzi akapewa fedha zake. Malkia huagiza katikati ya wiki. Jumatatu hurudisha.

Muuzaji ana haki ya kupinga. Lakini shauri likifunguliwa, duka husukumwa kurasa za nyuma mpaka uamuzi utoke, na katika soko lile aliyesukumwa nyuma ni sawa na aliyefunga mlango. Kuna jambo la pili, ambalo fundi hushindwa kulieleza bila kucheka kicheko kikavu: Malkia ndiye msifiaji wake mkuu. Kila akirudisha gauni huacha nyota tano na maneno matamu. "Fundi huyu ana mkono wa dhahabu, na hana makuu." "Nguo haina kosa, mwili wangu ndio mkaidi." Wateja wapya huyarudia maneno hayo wanapoagiza. Duka limejengewa jina na mtu asiyebaki na nguo hata moja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," wifi alisema, akilitundika gauni dirishani lipate hewa. "Na hiyo nguo umeishona mwenyewe."

Fundi akatafuta dawa. Kifuani mwa kila gauni alishona utepe mwekundu unaoning'inia, mpana kama kiganja, wenye maandishi: Ukiukata, hakuna kurudisha. Anayejaribu nguo chumbani kwake hana sababu ya kuugusa. Anayetaka kutoka nayo lazima aukate. Aliushona kwa mishono midogo iliyobanana, ili mtu akiufumua na kuurudishia, matundu yamsute.

Dawa ilifanya kazi. Wanunuzi wengine wenye mazoea kama ya Malkia walipotea kimyakimya, na wifi akaanza kuimba akifunga vifurushi. Kisha Malkia akaagiza gauni la rangi ya zambarau. Jumatatu likarudi. Utepe ulikuwepo, hakuna uzi uliofumuka. Ila pindo lilikuwa na vumbi la sakafu.

"Alilivaaje?" fundi aliuliza, akilisogeza kwenye mwanga.

Jibu lilitoka kwa mteja mwingine, mwanamke wasiyemjua, aliyetuma picha ya harusi. "Nataka kama la huyu mama," aliandika, "lenye ua jekundu." Katikati ya picha alisimama mama mnene mwenye tabasamu pana, amevaa gauni la zambarau. Utepe ulikuwa umekunjwa ukawa ua, ukabanwa kwa pini, maandishi yote yamefichwa ndani.

Wifi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Fundi hakucheka. Kwa mara ya kwanza alikuwa na ushahidi, na siku ya mwisho ya kupinga ilikuwa hiyo hiyo. Alikuwa ameshaiambatanisha picha kwenye fomu ya kupinga wakati simu ilipolia tena: maagizo mengine mawili, ya watu wa harusi ile ile, wote wakitaka ua. Akaiacha picha pale ilipo, akampigia Malkia kwa namba iliyoandikwa kwenye kifurushi.

"Shikamoo, mama. Ni fundi wa magauni."

"Marahaba, mwanangu! Fundi wangu! Wamekutafuta? Niliwaambia wakutafute."

"Mama, lile gauni ulilivaa harusini."



"Nililijaribu harusini."

"Mama!"

"Sikiliza, mwanangu. Ningekuwa na uwezo wa kubaki nalo, ningebaki nalo. Lakini watu nimekuletea, sijakuletea? Wewe ukinistahi, nami nakustahi. Ukinianika, basi, mdomo ninao na mimi." Hakupandisha sauti. Alimtakia kazi njema, akamwambia awasalimie watoto, akakata simu.

Fundi alibaki ameishika simu. Akipinga, shauri litafunguliwa na wageni wa harusi watalikuta duka nyuma ya maduka mengine yote. Asipopinga, gauni la zambarau litauzwa kwa bei ya nguo iliyovaliwa, kwa maana yeye hauzi kilichovaliwa kama kipya. Na utepe hauna kazi tena: wateja wanauomba.

"Tufanyeje?" wifi aliuliza. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kupinga.

"Kubali."

"Wifi! Na picha tunayo?"

"Nimesema kubali."

Wifi alibonyeza bila kumtazama. Nyota tano zilifika kabla hawajaondoka mezani. Kisha likafuata agizo jipya la Malkia: gauni la bluu, la Jumamosi. "Kiunoni nilegezee kidogo, mwanangu, nimenenepa."

"Nikukatie utepe wa kushona kifuani?" wifi aliuliza.

"Wa nini?"

Fundi alitandaza satini ya bluu, akachukua chaki, akachora kiuno kwa kipimo cha Malkia. Pindo na mabega alishona imara, kama anavyoshona siku zote. Alipofika kiunoni alibadili, akapitisha mishono mirefu, inayofumuka upesi, kwa sababu Jumatatu, likirudi, atakuwa na kazi ya kulipunguza.