Manyoya ya Karani Ndani ya Draya

Nimefungua mashine nyingi maishani na nimekuta kila aina ya takataka ndani yake. Mende. Pete ya ndoa. Hata jino la mtoto.

Lakini siku ile nilifungua draya ya mteja nikamkuta mbwa wangu.

Msinicheke. Nisikilizeni kwanza.

Mimi ni fundi wa vitu vya umeme vya nyumbani. Pasi, feni, redio, leta tu. Kibanda changu kina meza moja, taa moja na stuli ya wateja ambayo mguu wake nimeahidi kuutengeneza tangu mwaka juzi.

Akaja dada mmoja, nesi, bado yuko kwenye sare za kazi. Akaweka mezani draya ya kukaushia nywele.

"Fundi, inanuka kuungua halafu inajizima yenyewe."

Nikatoa skrubu mbili, nikaipasua. Feni ya ndani ilikuwa imesongwa na manyoya. Nikayavuta kwa koleo, nikayaweka chini ya taa.

Yalikuwa ya rangi ya majivu, kila unyoya una ncha nyeupe kana kwamba umechovywa kwenye chokaa.

Manyoya ya namna hiyo niliyabandua kwenye suruali zangu kwa miaka minne. Yalikuwa ya Karani, mbwa wangu, aliyepotea miezi minane kabla ya siku hiyo.

Tulimwita Karani kwa sababu hakuna mgeni aliyepita getini bila kukaguliwa. Miguu, mifuko, halafu ndiyo anaamua upite au usubiri.

"Dada, hii draya mnakaushia nini?"

Akacheka kwa aibu. "Usinigombeze, fundi. Mbwa wa mama."

"Na anakubali?"

"Mpaka umvalishe soksi kichwani. Unaikata mbele, unamfunika masikio asisikie kelele. Bila hiyo hamwelewani."

Nikavuta ile stuli mbovu nikakaa mimi, mteja kasimama.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mke wangu ana kaka yake, kinyozi. Kibanda chake kilibomolewa barabara ilipopanuliwa, akaja kukaa kwetu wakati anajipanga upya. Mtu mzima, mpole mpaka anaudhi. Mama yangu, ambaye naye anaishi kwetu, hakumtaka tangu begi lake lilipovuka mlango. Hata jina hakumwita. Alimwita "huyo wenu".

Wakati ule Karani alikuwa anaoza masikio, na kosa lilikuwa langu. Mimi nilimwogesha kwa mpira wa maji, akajikung'uta mara mbili, kazi imeisha. Daktari wa mifugo akaniambia wazi kuwa ni unyevu, mbwa hakaushwi.

Shemeji akasema, "Niachie mimi. Vichwa ndiyo kazi yangu."

Basi kila Jumapili nikawa natazama kama sinema. Hakumsugua na taulo. Alimkandamiza tu, akinyonya maji taratibu, mgongo, tumbo, miguu, kisha anabadilisha taulo. Joto la draya alilipima kwenye mkono wake mwenyewe kwanza. Alipuliza kwa mbali, kiganja chake kikitembea pamoja na upepo ili ngozi isiungue. Karani alipoogopa kelele, shemeji alichukua soksi yake nzima, wala haikutoboka, akaikata akamvalisha. Mwisho kabisa soksi inatoka, masikio yanafutwa ndani kwa pamba kama ya mtoto mchanga.

Miezi miwili, masikio yakapona.

Halafu ikaja ile Jumapili.

Natoka kibandani mchana, nakuta geti wazi. Uani kuna beseni, kuna taulo lililolowa. Shemeji kakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, draya mapajani.

"Karani yuko wapi?"

"Niliingia ndani kuchukua draya..."

"Geti kaliacha wazi nani?"

Akatazama pembeni, upande wa jikoni. Mimi nikajisemea, haya ni macho ya mtu mwenye hatia.

"Mimi nililifunga, shemeji," akasema. Hiyo tu.

Mama akatoka jikoni anajifuta mikono. "Si nilisema? Mtu mzima anakula, analala, mbwa mmoja kumwangalia hawezi."

Nikamzaba kofi.

Kaka wa mke wangu. Mtu mwenye heshima zake, mbele ya dada yake. Draya ikaanguka ikapasuka.

Nikamwambia afungashe. Mke wangu alipiga magoti pale pale uani, kwenye maji ya sabuni, akaniomba. Nikamjibu kwamba kama anaona uchungu sana amfuate.

Shemeji hakubishana. Alitoka na begi lake, akainama, akaokota lile taulo la Karani, akalikamua na kulianika kwenye kamba. Ndipo akaondoka.

Nilizunguka mitaa wiki mbili namtafuta mbwa. Shemeji sikumtafuta hata siku moja.

Na mke wangu tangu siku hiyo akawa ananiambia mambo mawili tu. Chakula tayari. Maji yamekatika. Miezi minane.

Sasa turudi kibandani.

"Mama yako huyo mbwa alimpata wapi?" nikamuuliza nesi.

"Alipewa na rafiki yake wa kliniki ya presha. Alisema mwanawe anahama, mbwa hana pa kwenda. Alimleta mwenyewe kwa teksi, mbwa kalowa chapachapa, anatetemeka, soksi kichwani. Tulicheka siku hiyo. Ngoja nikuonyeshe."

Akafungua simu.

Karani huyo, amenywea kwa maji, soksi ya shemeji kichwani. Pembeni ulionekana mkono tu ulioshika kamba.

Uso sikuuhitaji. Mkono ulikuwa na bangili ya shaba niliyoisuka mwenyewe kwa waya wa mota iliyoungua. Nilimpa mama yangu zawadi.

Nikafunga kibanda, nikamwomba nesi arudi kesho.

Nyumbani nilimkuta mama sebuleni anakunja nguo.

"Mama, Karani yuko kwa rafiki yako wa kliniki."

Nilitegemea akane. Kusema kweli nilimwombea akane.

"Yuko pazuri," akasema. "Sikumuua."

"Kwa nini, mama?"

Akakunja shati langu vizuri, akaliweka juu ya mengine.

"Ningekwambia umtoe yule mtu, ungemtoa? Ungeniambia mama vumilia. Nilitaka nyumba ya mwanangu iwe ya mwanangu. Na wewe nakujua, nimekuzaa mimi. Ukikasirika huulizi."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mimi najiona mwanaume mkali mwenye nyumba yake, kumbe mama yangu anaijua hasira yangu kama swichi. Anabonyeza, nawaka.

Nikageuka. Mke wangu alikuwa mlangoni.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Kaka alimwona mama kupitia dirishani anatoka na Karani kwenye kamba, akarudi peke yake kabla wewe hujafika."

"Na hakusema? Na wewe hukusema?"

"Alinikataza." Alikuwa ananitazama usoni, jambo ambalo alikuwa ameliacha. "Alisema wewe una mama mmoja tu. Shavu lake litapoa."

Nililia, sifichi. Nililia mbele ya mama na nguo zake zilizokunjwa.

Nikampigia shemeji kwa simu ya mke wangu, maana namba yake mimi nilishaifuta. Siku hizi ana kiti chake cha kunyolea, mji mwingine. Nikasikia mashine inazimwa.

"Shemeji, Karani amepatikana."

Akauliza, "Masikio vipi?"

"Mazima."

"Wanayafuta ndani kwa pamba? Waambie. Draya peke yake haifiki kule."

Nikamwomba msamaha. Nilianza vibaya, nikarudia, nikakwama.

"Nilishakusamehe zamani," akasema. "Lakini hapo kwenu sirudi, shemeji. Mteja ananisubiri."

Kesho yake nesi hakuhitaji kurudi. Draya niliipeleka mwenyewe hadi kwao.

Karani alikuja getini. Mkia ulitikisika kidogo. Akaninusa miguu, akaninusa mifuko, akanitazama, kisha akarudi kulala kwenye taulo lake. Nikawaeleza mbwa ni wa nani, na habari ya pamba. Wakaniuliza kama nimemjia mbwa wangu, nikasema hapana. Kwangu angekaushwa na nani?

Wewe unayesoma hapa na una hasira za karibu kama zangu, nikwambie jambo moja. Watu wa nyumbani mwako wanazijua. Yupo anayezikwepa na yupo anayezitumia, na wewe utakuwa wa mwisho kujua yupi ni yupi. Uliza kwanza. Ukishauliza, mtazame mtu anapokujibu, na mnyamazie mpaka amalize.

Mama bado naishi naye. Namsalimia, nampeleka kliniki, namrudisha. Bangili ameivua, sijui kaiweka wapi.

Mke wangu jana aliniambia chakula tayari. Nilisubiri aongeze neno, akaenda zake jikoni.