Damu Aliyoificha Kaka

Tulikulia Ilemela, nyumba yetu ikiwa juu maweni na ziwa likionekana chini. Tulizaliwa wawili tu, kaka na mimi. Kaka akitoka shule alitupa daftari na kukimbilia ziwani kuogelea mpaka giza liingie, wala hakuna aliyemuuliza alikokuwa. Mimi niliteremka na ndoo kuchota maji, na nikikawia kidogo nilimkuta mama mlangoni ameshika fimbo.

Nikiwa darasa la saba niliumwa tumbo. Mama alinipeleka zahanati asubuhi hiyohiyo, akamwambia nesi, "Mpime mimba kwanza." Sikuwa nayo. Nilirudi nyumbani nikilia kwa aibu.

Mwaka uleule kaka aliniita nyuma ya choo.

"Ninakojoa damu," alisema. "Usimwambie mama."

Niliogopa, nikamwambia baba. Alicheka.

"Anakua huyo. Hata sisi tulikojoa hivyo."

Basi, nikaona nimemaliza kazi yangu. Kaka hakupelekwa popote, na hakuizungumzia tena.

Alikuja kuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Mirongo, akaoa. Mwaka juzi alianza kukonda. Mkewe alipomuuliza, alijibu kwamba ni mgongo, kazi ya kuinama. Alikubali kwenda hospitali siku aliposhindwa kabisa kukojoa. Daktari alituambia ni saratani ya kibofu, imeshasambaa, na kwamba huenda ilianza na kichocho alichokaa nacho miaka mingi bila tiba.

"Damu ilianza lini?" aliuliza.

Kaka aligeukia ukutani. Nilijibu mimi.

Tulimzika Usagara, kwenye shamba la babu. Baada ya matanga nilikaa na mama chumbani tukikunja nguo za kaka.

"Za kwako za ndani nilizikagua kila mwezi," mama alisema, "nione kama umeingia siku zako. Za kwake sikuzigusa. Alifua mwenyewe ziwani, nami nikafurahi kwamba nina mtoto wa kiume asiyenisumbua."

"Mama, nilimwambia baba."

"Najua. Aliniambia siku ileile." Alinyoosha kola ya shati kwa kiganja. "Tulicheka wote wawili."

Nilitaka kumshika mkono, lakini mkono wangu haukunyanyuka. Nilichukua suruali iliyofuata, nikaikunja.