Leso ya Bibi Yake Madam

Chekeni basi, mcheke mpaka mtosheke, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile huwa naziba uso kwa mto nikiwa peke yangu chumbani. Mimi Kadzo, mtoto wa Kaloleni, nilisimama katikati ya sebule ya watu hapa Al-Hamra, Jeddah, mikono juu, wanawake wawili wenye glavu nyeupe wamenipigia magoti wakinifungua nguo kiunoni, na chanzo chake ni kwamba leso yangu ilikuwa imeloa.

Madam wangu (asiyejua ajue leo) ana ugonjwa wa nguo za kale. Wenzake hununua dhahabu, yeye hukusanya magauni ya maharusi waliokufa zamani, vifungo kwenye chupa, nyuzi za zari, kastabini za washonaji, mpaka mikasi yenye kutu, vyote vimewekewa kiyoyozi usiku na mchana, na mimi nina feni. Sheria ni moja, usiguse kitu bila glavu. Siku zile nilikuwa mpole kupindukia, kwa sababu mdogo wangu Mbodze, niliyemlea mwenyewe tangu mama atutoke, alikuwa anaolewa, nami nilikuwa nimeomba likizo, na Madam alijibu, "Wageni wangu wa Riyadh wakienda, tutaongea." Kwa hiyo wageni wale walikuwa wangu kuliko walivyokuwa wake.

Asubuhi ya kuja kwao nikaamkia jikoni, niwapikie sambusa wamsifu Madam kwa kuwa na mimi. Leso yangu ya kazi iko kambani inachuruzika maji, na mimi bila leso kiunoni hata yai siwezi kuchemsha. Nikaingia chumba cha kupigia pasi, na pale juu ya kiti, karibu na mashuka, nikaona leso nyingine, imechujuka, haina jina hata herufi moja. Nikasema hii ni ya yule dada wa Kitui aliyekuwa hapa kabla yangu, maskini aliisahau. Ningejuaje? Tangu lini leso ikawekwa kwenye maonyesho? Leso kwetu ni ya kubebea mtoto, ya kupangusia jasho, ya kujifunga ukikuna nazi. Nikajifunga, nikakaza fundo, na mikono yangu ya bizari nikaifutia hapo hapo.

Wageni wakaja, wanawake watatu, wakakaa na Hajja, mama mzazi wa Madam. Nikapitisha kahawa na sambusa, nimevaa glavu nyeupe ili Madam aone nidhamu, na wale watu walikula! Madam, uso umechangamka, akawaambia leo watakiona kitu ambacho hajawahi kumwonyesha mgeni, nguo ya bibi yake aliyeolewa Jeddah akitokea Zanzibar, aliyoitoa sandukuni jana ipate hewa. Akaenda kuileta. Akarudi mikono mitupu.

"Kadzo! Kile kitambaa cha kwenye kiti, wen, kiko wapi?"

"Mafi, hakuna, madam," nikajibu haraka (mawazo yangu yako kwenye gauni la hariri huko). "Sijaona."

Na kwa kimbelembele changu nikaongoza msako mwenyewe. Niliinama chini ya makochi, nikainua zulia, nikachungulia nyuma ya mapazia, jasho linanitoka nalipangusa kwa pindo, na kila nikiinama nimewapa wageni mgongo, nao wananifuata kwa macho, nikadhani wanahuzunika.

Hajja ndiye aliyeninyooshea mkongojo. "Ya Kadzo, hebu geuka."

Nikageuka.

"Geuka tena."

Madam akatazama kiuno changu, akashika kifua. Nikakamata fundo niivue upesi, wote wakapiga kelele, "La! La! Usivute!" kwa sababu nguo ilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Ndipo wageni wawili wakavaa glavu na kupiga magoti, wa tatu anapiga picha, nami mikono juu kama mtu anayepimwa gauni. Niliiona harusi ya Mbodze ikipita bila mimi, na hapo nililia kweli kweli.

"Madam, nilidhani ni ya jikoni!"

Hajja akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. "Ni ya jikoni ndiyo," akamwambia binti yake. "Mama yangu alikuwa akikaanga sambusa amejifunga leso hiyo hiyo. Lile doa la pembeni unalosema ni rangi ya zamani, ni bizari yake." Madam akaiinua leso kwenye mwanga, akaliangalia doa la bibi, akaliangalia langu, bado bichi, akaketi chini na kucheka pamoja na mama yake.

Harusi nilikwenda, na nilicheza mpaka viatu vikakatika. Nilirudi na leso mpya mbili, moja ya Hajja, moja ya kazi. Ile ya bibi iko ndani ya kioo, na kila mgeni akija Madam huniita nitoke jikoni nisimame kando yake, aonyeshe kwa kidole: hili la bibi, hili la Kadzo. Mimi nguo nisiyoijua sijifungi tena bila kuuliza. Hata hii yangu, nikiianua kambani, huwa naitazama mara mbili.