Theluji Ikizidi, Simama

Nimewahi kulipwa nifundishe watu kuendesha gari kwenye theluji. Wakati huo sikuwa na gari, sikuwa na leseni, na theluji yenyewe nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, kileleni mwa mlima wa kwetu Kenya, asubuhi mawingu yakiruhusu, kama mtu anavyoiona mali ya jirani. Wanafunzi wangu walikuwa madereva wa malori. Mji ulikuwa Durban, ambako watu hununua makoti mwezi wa saba kwa sababu madukani yamewekwa mbele, si kwa sababu ya baridi.

Ilikuwa miaka miwili baada ya Kombe la Dunia kuchezwa huko, nami nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, nikitafsiri hiki na kile pembeni. Kampuni iliyoniita ilikuwa eneo la Mobeni, katikati ya maghala, na kazi yake ilikuwa kupeleka samaki waliogandishwa bara. Makao yake makuu yalikuwa nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya. Huko mtu aliamua kwamba kila dereva wa kampuni, popote alipo duniani, asome mwongozo wa kuendesha gari wakati wa theluji, na hakuna aliyethubutu kumwonyesha ramani. Kwa haki, malori yetu yalipanda hadi jimbo la Free State, na kwenye mlima wa Van Reenen theluji huanguka mara moja moja. Lakini hilo makao makuu hawakulijua. Walipatia kwa bahati.

Madereva saba walikuwa Warundi na Wakongo. Kiingereza chao kiliwatosha kujibizana na askari wa barabarani, hakikuwatosha kwa kurasa arobaini. Meneja wa usalama, bwana mmoja nadhifu aliyeishi Morningside, mtaa wa wenye nacho, na kuja kazini na gari linaloweza kupanda ukuta, akanitafuta nitafsiri, kisha nifundishe. Nilikubali bila kufikiri. Nilikuwa Mkenya wa aina ile inayoamini inajua Kiswahili kwa sababu iliwahi kufaulu mtihani wake.

Darasa lilikuwa chumba cha mikutano. Nje watu walikuwa wamevaa mikono mifupi. Ndani nilikuwa nawaeleza wanaume wazima jinsi ya kukwangua barafu kwenye kioo na kwa nini daraja huganda kabla ya barabara. Meneja alikaa nyuma akiitikia kwa kichwa kila nilipotua, ingawa hakujua neno hata moja la Kiswahili. Tulipofika kwenye barafu nyeusi, dereva mmoja akanyanyua mkono. Alikuwa Mrundi wa miaka hamsini hivi, ndevu zimeanza mvi, na wenzake wote walimwita papa, yaani baba.

"Mwalimu, hiyo barafu nyeusi, inapakwa nini?"

Nikaeleza kwamba si nyeusi kweli. Haina rangi, ndiyo maana unaona lami iliyo chini yake.

"Basi haionekani."

"Haionekani."

"Tujihadhari na kitu chenye hakionekane," akawaambia wenzake. "Hiyo mchungaji alishatufundishaka."

Walicheka sana, na meneja naye akacheka ili asipitwe. Wote saba walifaulu mtihani nilioutunga na kuusahihisha mwenyewe. Tukapigwa picha na vyeti, meneja katikati. Mwongozo ulitaka kila lori liwe na koleo, mfuko wa mchanga, blanketi na minyororo ya magurudumu. Kilichonunuliwa ni orodha yenyewe, ikatiwa plastiki, nakala moja kwa kila lori.

Mwezi wa nane makao makuu wakataka ushahidi kwamba mafunzo yameeleweka. Meneja akanipa fomu ya visanduku vya kutia alama na kunipandisha kwenye lori la papa, safari ya Harrismith, mji ulio ng'ambo ya mlima ule. Tuliondoka Mobeni alfajiri. Papa alikuwa na chupa ya chai, chapati kwenye mfuko na blanketi lake la nyumbani. Mimi nilikuwa na mwongozo, fomu na kalamu mbili.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba milimani kunaanguka theluji. Mtu wa kawaida akisikia hivyo hubaki nyumbani. Watu wa Durban walipakia watoto. Tangu Pietermaritzburg magari yalitupita mfululizo, watoto wamevaa soksi mikononi kama glavu, baba kavaa kaptula kwa sababu alipotoka nyumbani hakukuwa na baridi. Walikwenda kuiona theluji kama watu wanaokwenda kumwona nyangumi aliyekwama ufukweni, na walikuwa na haraka, isije ikaisha.

Tulipokaribia mlima, mvua ikawa nzito, kisha ikaacha kutoa sauti. Papa akainama mbele akatazama kupitia kioo.

"Mwalimu, hii sasa ni theluji ao ni barafu?"

"Theluji," nikasema, kwa uhakika wa mtu aliyeona picha.

Barabara ikapotea taratibu. Kwanza mistari, halafu ukingo, halafu lami yenyewe. Papa alikuwa amekwisha kushuka gia muda mrefu, miguu yake ikienda polepole kama mtu anayekanyaga ndani ya nyumba yenye mtoto aliyelala. Mimi nilikuwa nasoma kwa sauti. Nilisoma juu ya umbali kati ya gari na gari, nikasoma juu ya breki. Lori lilipoteleza kidogo upande wa kushoto nilipaza sauti nikimsomea ageuze usukani kule gari linakoelekea.

"Nyamaza kidogo, mwalimu," akasema, bila hasira. Mikono yake ilikuwa imekwisha kufanya hivyo.

Nikafunga mwongozo. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha "dereva anatulia chini ya shinikizo". Hapakuwa na kisanduku cha mkaguzi.

Gari dogo likatupita na taa za tahadhari zikiwaka, kana kwamba taa hizo ndizo zinazoshika barabara. Mbele kidogo tukalikuta mtaroni, limelala kwa ubavu mmoja, na baba wa familia amesimama kando akiwa na kaptula na kandambili, akilitazama kama mtu aliyeibiwa. Hakuna aliyeumia. Baada ya hapo palikuwa na sehemu pana ya kuegesha malori. Papa akaingia humo taratibu, akavuta breki ya mkono, akazima injini.

"Tumefika?" nikauliza, kwa ujinga.

"Uliandika nini kwenye kitabu? Theluji ikizidi, simama. Imezidi."

Alichukua blanketi lake na chai, akarudi kwa miguu hadi kwenye lile gari, akawaachia mama na watoto. Aliporudi mabega yake yalikuwa meupe. Malori mengine yaliendelea kupanda mbele yetu, na moja lilikuwa la kampuni yetu. Dereva wake alitupungia mkono.

Nilimpigia meneja simu mara tatu, haikupokewa. Nikapiga ofisini. Katibu akaniambia meneja amechukua likizo ya siku moja.

"Amekwenda wapi?"

"Amewapeleka watoto milimani kuona theluji."

Nikamtafsiria papa. "Basi iko karibu," akasema. "Pengine atapita atusalimie."

Tukakaa. Kioo kikafunikwa kabisa, tukawa kama watu waliofungiwa ndani ya yai. Tulikula chapati. Nilianza kunung'unika juu ya meneja, nikitafuta maneno makali, na papa alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelitegemea.

Alipokuwa kijana, kwao Burundi, aliendesha lori la tajiri mmoja kwenye barabara za udongo mwekundu milimani. Mvua ikinyesha, alisema, udongo ule ni kama sabuni, na kila alichokisoma kwenye kitabu changu alikuwa anakijua, isipokuwa rangi. Siku moja mvua ilinyesha, naye akiwa amepakia mizigo na watu juu ya mizigo. Akataka kusubiri. Tajiri, aliyekaa pembeni yake, akasema twende.

"Nikaenda," papa akasema.

Lori liliteleza kwenye kona. Mwanamke mmoja aliyekuwa anarudi shambani alikatika mguu. Tajiri alisema dereva hakujua kazi, na kijijini wakaamini hivyo, na papa mwenyewe akaamini hivyo kwa miaka mingi.

"Yule mama hakunitukana. Aliniuliza tu, uliona njia mbaya? Nikasema niliona. Akasema, sasa kama uliona…"

Nilikuwa na ile fomu mapajani. Niliikunja nikaitia mfukoni.

Mchana huo askari walifunga barabara. Tulikaa hapo hadi siku ya pili, greda lilipopita na jua likatoka kana kwamba halikuhusika. Harrismith tulifika salama na samaki wetu wakiwa wagumu kama matofali.

Baada ya wiki moja nikaitwa tena Mobeni. Nilidhani ni kwa ajili ya ripoti. Kilikuwa kikao cha nidhamu, na mimi nilitakiwa kumtafsiria papa mashtaka yake: kuchelewesha mzigo bila idhini, na kuhatarisha ubora wa bidhaa zilizogandishwa. Meneja alikuwa mwenyekiti. Pua yake ilikuwa imebabuka, kama ya mtu aliyeshinda juani mahali peupe.

Alieleza kwamba dereva mwingine wa kampuni alipita mlima ule saa ileile na akafika kabla barabara haijafungwa. Kwa hiyo barabara ilipitika. Nikatafsiri. Papa akakubali kwamba mwenzake alipita, akamshukuru Mungu kwa ajili yake.

"Na samaki?" meneja akauliza.

"Samaki walitoka kwenye baridi ndogo wakaenda kwenye baridi kubwa," papa akasema. "Waharibike namna gani?"

Nilitafsiri neno kwa neno, kwa raha niliyoificha vibaya. Meneja akaandika kitu. Kisha akauliza ni nani alimwambia dereva kwamba anaweza kusimama anapojisikia. Papa akatoa mwongozo kutoka ndani ya koti, umekunjwa penye ukurasa husika, akauweka mezani na kidole juu ya mstari.

"Soma," meneja akaniambia. "Kwa Kiingereza."

Nikasoma: theluji ikizidi, simama.

Meneja akafungua ule wa asili. Sentensi ya Kiingereza ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba hali ikizorota kwa kiwango kikubwa, dereva anaweza, kwa busara yake, na baada ya kupata idhini kutoka kituoni, kufikiria uwezekano wa kusitisha safari kwa muda.

Nakumbuka nilivyoitafsiri. Ilikuwa Jumamosi, jua kali, wenzangu wananisubiri twende ufukweni. Nilitazama mistari ile minne, nikaona hakuna Mswahili atakayeniletea kesi, nikaandika maneno matatu. Wako wanaotenda mema kwa moyo. Mimi nilitenda kwa uvivu.

Meneja hakuwa mjinga, na wala hakuwa katili. Alinifungulia mlango wa kujiokoa. "Nadhani," akasema kwa upole, "hilo neno la Kiswahili linaweza pia kumaanisha kufikiria kusimama, kwa idhini. Sivyo?"

Ningesema ndiyo, kazi yangu ingebaki, na papa angepewa barua ya onyo kwa kutoelewa lugha yake mwenyewe. Ningependa kuandika kwamba sikusita. Nilisita. Kulikuwa na kazi nyingine walizokuwa wameniahidi, na niliwaza kwamba onyo ni karatasi tu. Papa hakujua nimeulizwa nini. Alikuwa ananitazama kwa subira, akingoja tafsiri.

"Simama ni simama," nikasema. "Kosa ni langu. Yeye amefuata kitabu."

Ofisi nzima ilipumua. Kosa lilikuwa limepata mwenyewe, na mwenyewe si mwajiriwa. Shauri la papa likafutwa palepale, meneja akampa mkono, na mimi nikaombwa niache kibali changu cha wageni getini. Nje papa aliniuliza kilichotokea. Nikamweleza.

"Sasa watakupa onyo weye?"

"Mimi hawaniiti tena."

"Pole, mwalimu," akasema. Halafu akaongeza kwamba ile sentensi ya mistari minne, mtu akiimaliza kuisoma pale mlimani, tayari yuko mtaroni.

Mwongozo walimpa mtu mwingine autengeneze upya. Nakala yake niliiona baadaye kwa dereva mmoja Mkongo. Ilikuwa na kila neno la Kiingereza, limepangwa kwa utaratibu uleule, na yule dereva aliniomba nimweleze kilichoandikwa. Nilijaribu. Mwishoni sote wawili tulikubaliana kwamba karatasi yake ilikuwa nzuri.

Papa aliacha kazi mwaka uliofuata. Nilimkuta mtaa wa Point Jumapili moja, tukitoka ibadani. Alisema sasa anaendesha basi dogo la watoto wa shule, Morningside, asubuhi na mchana, na kwa siku nzima hapandi mlima zaidi ya ule mwinuko wa Berea, humohumo mjini. Watoto ni wazuri, ila wanamsumbua aongeze mwendo, kila gari likimpita wanapiga kelele. Nikamuuliza huwa anawajibu nini.

"Siwajibu," akasema. "Naongeza redio."