Nyimbo Nilizozitia Kufuli

Mwanangu, kuna siku moja hainitoki kichwani. Nilikuwa kijana wa mtaa wa Waithaka, mwimbaji wa injili, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuuza nyimbo mtandaoni. Ukilipa, unapakua. Lakini sikumwamini mtu. Nikamwomba fundi wa kompyuta azitie kufuli: wimbo ucheze kwenye simu iliyoununua tu, ukihamishwa ugome.

Wasiwasi ndiyo akili, husema watu. Wangu ulipita akili. Nikiwa mjini, kila duka lenye spika nilisimama kutega sikio, nisikie kama ni wimbo wangu ulioibwa. Hata kanisani nilichungulia simu za watu wakati wa maombi, Mungu anisamehe.

Basi siku hiyo Mama Njeri akanipigia. Ndiye aliyenifundisha kuimba, na ndiye mtu wa kwanza kununua wimbo wangu.

"Kamau, simu yangu iliharibika. Nimepata ingine, lakini ule wimbo umekataa. Baba Njeri amelazwa huku Parklands, anauulizia tangu asubuhi."

Unajua nilimjibu nini? "Mama, una hakika hukumpa mtu?"

Akasema polepole, "Nilikupa sauti yangu bure, Kamau. Leo unaniuliza kama mimi ni mwizi."

Nilimtafuta fundi aufungue wimbo, hakushika simu. Nikaenda hospitali mwenyewe, nikiwaza nitamwimbia mzee kwa mdomo wangu. Nilifika nimechelewa, hakuweza tena kunisikia. Alikuwa anapumua tu, hajui nani yuko. Niliimba hata hivyo. Mama Njeri alitazama dirishani mpaka nikamaliza. Mzee alifariki kesho yake.

Baada ya mazishi nikaondoa kufuli zote. Sitakudanganya: walionakili bila kulipa walikuwa wengi, na iliniuma. Lakini wengine waliniandikia, "Nilipewa wimbo huu na rafiki, sasa nataka kununua zingine." Mama Njeri alinisamehe, ingawa wimbo ule hakuwahi kuutaja tena.

Mali ya bahili huliwa na wadudu, mwanangu. Kazi yako idai haki yake, wala usione haya. Ila usimfungie mlango anayekupenda kwa kumwogopa mwizi usiyemjua. Na mtu akikuletea shida, sikiliza shida kwanza, maswali yatangoja.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe watu wa kuipenda, na akujalie moyo uliotulia, ule nilioukosa mimi nikiwa na umri wako.