Bomu la Mlangoni

Wengi wanaocheza gemu za vita wanamlenga mtu, ndiyo maana wanakufa mapema. Bomu halitaki shabaha. Linataka mahali, na kazi yako ni kuwafanya watu wafike hapo kwa miguu yao wenyewe. Ujanja huu si wangu. Nilifundishwa na mfugaji mmoja wa Kyerwa, kwenye banda la gemu pale Omurushaka, na namna nilivyomshukuru ndiyo hii ninayoieleza.

Mimi nilikuwa mnunuzi wa maharage, mtu wa kuja kutoka Muleba, mdomo mwingi. Yeye alikuwa kijana wa ng'ombe, mpole mpaka anaudhi. Kila siku ya gulio alishuka mjini tukacheza upande mmoja, sisi wawili kwenye runinga moja, wapinzani wanne kwenye nyingine iliyounganishwa na yetu. Kulenga hakujua kabisa, lakini kuswaga alijua. Alirusha chupa ya moto kando ya maadui, si juu yao, kisha nyingine nyuma yao, akawaachia njia moja tu, mlango mwembamba wa ghala. Mimi nilijificha ng'ambo ya mlango. Wakishabanana pale, narusha bomu moja, wanakwenda wote wanne. Banda lilipiga kelele, na sifa nilichukua mimi kwa sababu bomu lilikuwa langu.

Alikuwa na kosa moja. Akishawaswaga, hakuweza kubaki nyuma. Aliwafuata mpaka mlangoni, kama alivyowafuata ng'ombe wa baba yake mpaka wa mwisho aingie zizini.

"Ukirusha moto, simama!" nilimgombeza. "Hawa si ng'ombe."

"Nimezoea, kaka. Nikisimama naona kama mmoja atapotea."

Bomu la gemu ile halikuchagua, liliua hata wa upande wako. Kwa hiyo nilikuwa namsubiri. Nahesabu mpaka tatu, anakumbuka, anarudi nyuma, ndipo narusha.

Jumamosi moja wakaja kaka wawili wa binti ambaye mwenzangu alikuwa anamposa, watu wa Kituntu. Walisema wamekuja kucheza tu, lakini kila mtu bandani alijua wamekuja kumpima. Wakashika pedi mbili kati ya nne za upande wa wapinzani. Kabla hatujaanza mwenzangu akaniinamia: "Leo nisaidie, nisiaibike." Nikamwambia aondoe wasiwasi.

Aliswaga vizuri kuliko siku zote. Wanne wakaingia mlangoni, naye nyuma yao. Nilimwona. Runinga yetu ilikuwa moja, nusu yake, nusu yangu, ningekosaje kumwona? Lakini nyuma ya kiti changu kulikuwa na watu wamejaa, na mimi nilitaka wacheke. Sikuhesabu. Nikarusha, wakaenda watano kwa mpigo. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na wale kaka wawili ndio waliocheka kuliko wote.

Mwenzangu hakunikasirikia, na hilo likaniudhi zaidi. Wiki iliyofuata akasikia kwamba nyumbani kwa binti wanamwita mshikaki. Akaja kwenye duka ninaponunulia maharage kuniomba twende wote kwa baba wa binti, niseme ilikuwa bahati mbaya, niseme yeye ni mtu wa maana. Nikakubali.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Tukamwamkia mzee shikamoo, tukapewa chai na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni anavyopewa. Nilianza vizuri, nikamsifu. Ndipo kaka mmoja akasema, "Hebu tuonyeshe ilivyokuwa."

Ningeweza kukataa. Badala yake nikasogeza vikombe viwili vikawa mlango, nikapanga punje nne za kahawa katikati, ya tano nikaiweka nyuma yao. Nikaeleza moto ulivyowashwa, tena kwa ufundi, kisha nikapiga kiganja mezani juu ya punje zote. Wale kaka wakashika mbavu. Mwenzangu aliyatazama magoti yake.

"Huyu wa nyuma ndiye yeye?" mzee akauliza.

"Ndiye, mzee."

"Na wewe ulimwona?"

"Nilimwona. Lakini ningemsubiri, utamu wote ungeisha."

Mzee hakucheka. Akamgeukia mwenzangu. "Mwanangu, mtu anayefuata mifugo mpaka langoni mimi namwelewa. Hawa wangecheka wakachoka, na binti ningekupa." Kisha akaninyooshea kidole. "Lakini katika watu wote unaowafahamu, huyu ndiye uliyemleta akusemee. Mtu asiyejua nani atamchoma, nitamkabidhije binti yangu?"

Mwenzangu akainuka, akashukuru kwa chai na kahawa. Mimi nilikuwa bado nacheka.